Na Mbege Je? Pombe na Mgonjwa wa Kisukari



Kuna swali ambalo wagonjwa wa kisukari huliuliza wakiwa wameshaaga na kusimama mlangoni: "Daktari, na mbege je?" Miaka yangu ya mwanzo nilijibu neno moja: acha. Mgonjwa aliitikia, akaenda, akanywa. Wengine waliacha dawa siku ya kunywa, wengine waliacha kula ili kuipisha pombe. Jibu langu liliwafunga mdomo tu.

Wengi huogopa utamu wa ndizi zinazotengenezea mbege, kwamba utapandisha sukari ya damu. Ni kweli hupandisha, maana si sukari yote ya ndizi na ulezi huchacha. Lakini kinachoninyima usingizi ni sukari kushuka, tena usiku wa manane, kata za kunywea zikiwa zimeshaoshwa.

Ini ni ghala. Tukilala, hutoa glukosi iliyowekwa akiba na kutengeneza nyingine, ubongo usikae na njaa. Pombe ikiingia, ini huishughulikia hiyo kwanza, na kazi ya kutengeneza glukosi mpya huzorota. Mwenye afya aliyekula vizuri, kongosho lake hupunguza insulini, mambo yakaenda. Anayemeza glibenklamidi au kujidunga insulini hana nafuu hiyo: dawa inazidi kushusha sukari huku ghala halitoi vya kutosha. Hatari hii yaweza kuendelea hadi saa 24 baada ya kunywa.

Sasa tazameni dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, ulimi mzito, kuyumba, hasira, usingizi. Nani kati yetu hajawahi kusema, "Mwacheni, amelewa"? Mzee mmoja niliyempokea alfajiri, wanawe walikuwa wamemlaza kwa upendo, wakamfunika blanketi, wakazima taa. Kipimo cha sukari kilionyesha milimoli 1.6 kwa lita, wakati chini ya 3.9 tu tayari ni hatari. Wale vijana hawakukosea. Ni sisi wa kliniki hatukuwahi kuwaambia.

Ndiyo maana siku hizi swali la mbege naliuliza mimi, mgonjwa akiwa bado amekaa. Asiyekunywa, namwomba asianze. Mwenye ini bovu au kongosho lililowahi kuvimba, namkataza kabisa. Anayetumia dawa ya metformini namweleza kwamba unywaji wa kupindukia waweza kujaza damu asidi. Kuhusu kiasi, bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Hiyo twaweza kuihesabu pamoja. Kibuyu cha mbege hakina lebo, nami siwezi kumdanganya mtu kwamba najua kilichomo.

Atakayekunywa hata hivyo, ale kwanza, mtori au kiburu, apunguze kata, apime sukari kabla ya kulala, na asilale nyumba ambayo hakuna anayejua ugonjwa wake. Akianza kutokwa jasho na kuropoka, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, maadamu yu macho na anaweza kumeza. Akizimia, msimtie kitu mdomoni; mlazeni kwa ubavu, kisha tafuteni gari usiku huohuo, msisubiri pombe imtoke.