Kabla ya Ofisi Kufunguliwa

(Muziki wa kufungua unapungua.)

Wababa na wamama, vijana wenzangu, wote mnaotusikiliza hapa Nyarugusu, na ninyi mnaosoma maandishi haya katika vikundi vya kusikiliza huko Nakivale na Kakuma, leo hatuna mgeni studioni. Nitaongea mwenyewe, dakika kama kumi hivi, juu ya vikundi vya wamama na ukatili wa kijinsia. Kama kuna watoto wadogo karibu na redio, watume kwanza wakacheze.

Ndugu zangu, katika kambi msaada una saa zake. Asubuhi gari za mashirika zinaingia, ofisi zinafunguliwa, watu wanapanga mstari. Jioni gari zinatoka. Hospitali inabaki na watu wa zamu, polisi wanabaki kituoni kwao, lakini kutoka kijijini mpaka huko njia ni ndefu na giza ni nene. Ukatili haungoji ofisi. Mume anarudi amelewa saa nne ya usiku. Mtu anamvizia binti njiani kwenda chooni. Hata yule mama anayeshikwa porini mchana, akitafuta kuni, mara nyingi anafika nyumbani jua limezama, kwa sababu alijificha kwanza akiogopa kuonekana.

Huyo mtu anabisha hodi wapi? Anabisha kwa mama anayemwamini, nyumba ya tatu au ya nne kutoka kwake. Mama huyo hana kitambulisho cha shirika wala mshahara. Ana mkeka, ana maji ya moto, ana mdomo unaojua kunyamaza.

Wamama wa namna hiyo mnawajua. Wengi wako katika vikundi ambavyo havikuanza kwa ajili ya ukatili. Vingine vilianza kama likelemba, ile wenyeji wetu wa Tanzania wanaita upatu. Vingine ni vya kushona, vya kutengeneza sabuni, vya kwaya, au vya kwenda kuni pamoja ili mtu asibaki peke yake msituni. Kwa sababu wanakutana kila wiki, wanajua nani hakuja na kwa nini. Habari ambayo ofisi itaipata mwezi ujao, wao wameiona leo kwenye uso wa mwenzao.

Kwa nini nasema jambo hili ni la haraka? Kwa sababu mwili una saa zake. Mtu akibakwa, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72. Zinamezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika mpaka saa 120, yaani siku tano, lakini kila saa inayopita nguvu yake inapungua. Zipo pia chanjo za homa ya ini na pepopunda, na matibabu ya majeraha.

Sasa tupige hesabu pamoja. Tuseme Ijumaa, saa mbili ya usiku, binti amebakwa. Jumamosi wazee wa familia mbili wanakaa. Jumapili wanatoka ibadani, wanakaa tena, wanajadili mbuzi na pesa. Jumatatu mchana wanapatana, wanapeana mikono. Jumatatu saa mbili ya usiku, saa 72 zimekwisha. Jumanne pesa haijaonekana, baba anakasirika, ndipo anampeleka binti hospitali. Anakwenda kutafuta haki yake yeye, wakati nafasi ya binti ilishapita. Mbuzi hazuii virusi, jamani. Na kubaka si deni la familia kwa familia. Ni kosa la jinai, hapa Tanzania na huko kwetu Kongo.

Kikundi cha wamama kilichopata mafunzo kinaweza kuivunja hesabu hiyo usiku uleule wa Ijumaa. Hakihitaji kujua mambo mengi. Kwanza, kuangalia: je, anatoka damu, kuna hatari ya kupigwa tena? Pili, kusikiliza bila kuuliza “ulikuwa unafanya nini huko?” Tatu, kumuunganisha na msaada, yaani kumwambia huduma zipo wapi na, kama yeye anakubali, kumsindikiza. Ikiwezekana asioge kwanza, na nguo alizovaa zifungwe kwenye kitambaa au karatasi, si kwenye plastiki, maana zinaweza kuwa ushahidi. Lakini hata kama ameoga, aende. Hata kama siku tano zimepita, aende. Na asichelewe hospitali kwa sababu anatafuta fomu ya polisi.

Nimesema “kama anakubali”. Kama ni mtu mzima, uamuzi ni wake. Mtoto naye asikilizwe, na apelekwe kwenye huduma haraka na mtu mzima ambaye si hatari kwake. Wanaume na wavulana pia hutendewa, nao wanabaki kimya zaidi. Mlango wa huduma ni wao pia.

Sisi tuliotoka Kivu tunalijua jina la Daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999. Alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, tulifurahi kama ameipokea kaka yetu. Lakini tufikiri kidogo. Daktari anakutana na mgonjwa aliyefika. Kabla ya kufika kuna usiku, kuna njia, kuna aibu, kuna mkwe anayesema nyamaza. Katika sehemu hiyo, anayemshika mkono mara nyingi ni mwanamke mwenzake.

Basi tunawasaidiaje wamama hao? Nianze na mashirika, maana najua wafanyakazi wenu mnatusikiliza. Vikundi hivi mnaviita kwenye mikutano. Mnawapa fulana siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia tarehe 25 Novemba mpaka tarehe 10 Desemba, wanaimba, wanapigwa picha. Ni vizuri. Lakini tarehe 11 Desemba mama anatoka usiku kumsindikiza mtu bila tochi, na vocha ya kupiga simu anainunua kwa kuuza unga wa watoto wake. Wapeni tochi, simu na vocha. Wapeni namba ambayo usiku inapokelewa. Waulizeni kabla ya kupanga choo kijengwe wapi na taa iwekwe wapi, si baada. Na fedha kidogo za kikundi zikae mikononi mwao, waziandikie hesabu wenyewe. Mwaka 2016, huko Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura zitawafikia watu na mashirika ya mahali penyewe. Mwaka 2020 ulipita lengo halijafikiwa. Na sasa tumeona misaada ilivyokatwa mwaka 2025. Miradi ikifungwa, mfanyakazi anahamishwa, mama wa kijiji anabaki palepale. Kumsaidia yeye ni kusaidia kitu kisichoondoka na gari.

Viongozi wa vijiji na sungusungu: kesi ya kubaka haisuluhishwi chini ya mti. Wamama wakipita usiku na mtu aliyeumizwa, kazi yenu ni kuwapa ulinzi wa njia. Msiwasimamishe kuwauliza maswali. Na mtu akiwatishia kwa sababu wamemsindikiza mwenzao, hilo ni jambo la kulishughulikia siku hiyohiyo.

Wababa na vijana wenzangu, tunayasikia maneno: “Wale wamama wanavunja ndoa za watu.” Ndoa iliyovunjwa na ngumi haikuvunjwa na jirani aliyefungua mlango. Kama mke wako yuko kwenye kikundi, siku akiitwa usiku, bakia na watoto. Huo ni mchango wako, na ni mkubwa.

Na ninyi wamama wenyewe, mnisamehe, nawasemesha kama mtoto wenu. Nguvu yenu ni siri. Jina likitoka kwenye kikundi likafika bombani, mwingine hatabisha tena. Msifanye upelelezi, msiende kumkamata mtu, msimlazimishe mwenzenu kushtaki wala kusamehe. Hamkuitwa kubeba kambi nzima mgongoni. Mkichoka, mkiota ndoto mbaya kwa yale mnayosikia, zungumzeni na mshauri ninyi pia. Mtungi wa maji nao hutakiwa kujazwa.

Kabla hatujaachana, kila nyumba ifanye jambo moja wiki hii. Jueni mlango ule ni upi katika kijiji chenu, na ulizeni huyo mama amepungukiwa nini. Pengine ni betri mbili tu za tochi. Likelemba moja ya jirani kumi inaweza kuzinunua.

Kwa vikundi vya kusikiliza, zungumzeni haya:

1. Usiku katika kijiji chenu, mtu aliyeumizwa anaweza kufika hospitali kwa njia gani, na nani wa kumsindikiza?
2. Ni maneno gani tunayosema sisi wenyewe yanayomfanya mtu anyamaze mpaka saa 72 ziishe?
3. Kikundi cha wamama kilicho karibu nanyi kinahitaji nini ambacho ninyi mnaweza kukitoa bila kungoja shirika?

Mlale salama, na anayebisha hodi leo usiku afunguliwe.

(Muziki wa kufunga.)