Sifuri ya Kweli na Sifuri ya Uongo: Usimikaji, Uendeshaji na Kalibresheni ya Vigunduzi vya Gesi vya Kudumu

Mada kwa semina ya mafundi vyombo na wasimamizi wa usalama mitamboni



1. Utangulizi

Gesi asilia ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likafuata mwaka 2015. Tangu hapo gesi imetoka kwenye mitambo ya kufua umeme ya Ubungo na Kinyerezi, ikaingia viwandani, majumbani na kwenye vituo vya kujazia magari. Ongeza maghala ya gesi ya kupikia, amonia inayogandisha minofu ya sangara kule Mwanza, na klorini ya mitambo ya maji. Fundi vyombo wa leo hana namna ya kukikwepa kile kigunduzi kilichofungwa ukutani, sensa ikitazama chini, skrini ikionyesha 0.

Mada hii inahusu hiyo 0. Wengi wetu tukiiona tunapita, maana tunaisoma kama habari njema. Hoja yangu ni kwamba sifuri peke yake haithibitishi kitu, na kwamba kazi yote ya kusimika, kuendesha na kukalibreti ina shabaha moja: kuifanya sifuri hiyo iaminike.

2. Sifuri hutoka wapi

Vigunduzi vingi vya gesi zinazowaka hutumia sensa ya kichocheo. Ndani yake mna shanga mbili ndogo zenye waya wa platini, zote zikipashwa moto kwa umeme. Moja ina kichocheo; gesi ikiigusa huungua juu yake, joto hupanda, ukinzani wa waya hubadilika, na tofauti kati ya shanga hizo mbili ndiyo inayogeuzwa kuwa usomaji. Kigunduzi cha namna hii kikisoma 0, maelezo yanayowezekana ni manne.

La kwanza, hakuna gesi. Hiyo ndiyo sifuri ya kweli.

La pili, kichocheo kimekufa. Mvuke wa silikoni, risasi na baadhi ya misombo ya salfa huua au hudhoofisha shanga. Silikoni haiji na mapipa. Huja na tyubu ya kuzibia madirisha, na dawa ya kung'arishia dashibodi, na grisi aliyochukua fundi bila kusoma lebo. Shanga zinaendelea kupata moto, mkondo unabaki miliampia 4, na taa ya paneli ni ya kijani.

La tatu, gesi haifiki kwenye sensa. Ukanda wetu una nyigu wanaojenga kwa udongo, na hakuna tundu wanalolipenda kama lile la kigunduzi lililotazama chini, penye kivuli. Wengine ni buibui, vumbi la saruji, brashi ya mpaka rangi, na mfuko wa nailoni uliofungwa wakati wa ujenzi ukasahaulika.

La nne, na ndilo la hatari kuliko yote, gesi imezidi. Kuungua kunahitaji oksijeni. Methani ikipita takriban asilimia 15 ya hewa, mchanganyiko hauwaki tena. Usomaji hupanda hadi juu, kisha hushuka kurudi chini huku chumba kimejaa gesi. Ndiyo maana vigunduzi vingi hushikilia usomaji uliopita kipimo mpaka mtu akague na kuuondoa kwa mkono. Asiizime mtu nyenzo hiyo kwa sababu tu inamsumbua.

Mwenye duka hasemi mizani yake ni sahihi kwa kuwa mshale umesimama kwenye sifuri. Huweka jiwe la kilo moja akatazama. Jiwe letu sisi ni gesi ya kipimo.

Gharama ya kuamini usomaji uliotulia ilionekana Buncefield, Uingereza, Desemba 11, 2005. Kipimo cha kina cha petroli katika tangi moja kiliganda usiku. Tangi likaendelea kujazwa huku usomaji ukiwa palepale, na swichi huru ya kuzuia kufurika haikufanya kazi. Petroli ilimwagika, mvuke ukatanda, na saa 12 alfajiri ghala likalipuka. Kilichokosea hapo kilikuwa kipimo cha tangi, lakini ugonjwa ni uleule: mstari ulionyooka uliochukuliwa kuwa ni utulivu.

3. Kuchagua sensa

Sensa ya kichocheo ni ya bei nafuu na hutambua gesi nyingi zinazowaka, haidrojeni ikiwemo. Sensa ya infraredi hupima jinsi gesi inavyonyonya mwanga. Haihitaji oksijeni, haiuawi na silikoni, na lenzi ikichafuka mara nyingi hutoa ishara ya hitilafu yenyewe. Hata hivyo haioni haidrojeni kabisa. Kwa amonia, klorini na salfidi ya haidrojeni, kawaida ni sensa ya kielektrokemikali, ambayo huzeeka hata ikiwa kabatini. Basi usinunue akiba ya miaka mitano ukadhani umeokoa fedha.

4. Mahali pa kusimika

Swali la kwanza ni uzito wa gesi ukilinganishwa na hewa. Methani ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa hewa. Amonia nayo ni nyepesi. Propani ni nzito mara moja na nusu, butani mara mbili, klorini karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo kigunduzi cha gesi asilia hukaa juu, karibu na dari, na cha gesi ya kupikia hukaa chini, sentimita 30 hadi 50 kutoka sakafuni, ili kisilowe maji ya kuoshea.

Kanuni hiyo ina mipaka. Gesi ya magari huhifadhiwa kwa shinikizo la takriban ba 200. Ikivuja kutoka shinikizo hilo hupoa mno, na methani iliyo baridi huweza kwanza kutambaa chini kabla ya kupanda. Kwenye banda la kompresa, weka basi kigunduzi kimoja juu na kingine usawa wa mahali penye uwezekano wa kuvuja: vali, flanji, sili za kompresa.

Gesi ya kupikia haikai pale ilipovujia. Hufuata mteremko, huingia kwenye mitaro na mashimo ya kebo, na hutoka upande wa pili wa ukuta. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, uliua watu, ukajeruhi mamia na kuteketeza nyumba na maghala. Ulitukumbusha kwamba gesi ya kupikia ikitoka kwenye chombo chake, jirani naye yumo hatarini. Vigunduzi vinavyozunguka matangi viwekwe pia upande wa mitaro na wa makazi.

Jambo la pili ni upepo. Kwenye mabanda ya wazi ya pwani, kusi na kaskazi huvuma pande tofauti. Mpango uliochorwa kwa kutazama upepo wa Julai utakuwa na kasoro Januari. Tembea eneo lote, uliza walinzi na waendeshaji upepo hupitia wapi, ndipo uchore.

La tatu ni ngazi. Kigunduzi kinachohitaji jukwaa ili kukifikia hakitakalibretiwa. Kama lazima kiwe juu, tenganisha sensa na transmita, au funga bomba dogo la kupitishia gesi ya kipimo kutoka chini, tangu siku ya kwanza.

5. Waya na umeme

Transmita nyingi hutumia volti 24 za mkondo mnyoofu na hutuma ishara ya miliampia 4 hadi 20. Kwenye kipimo cha asilimia 0 hadi 100 ya LEL, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho gesi inaweza kuwaka, asilimia 20 ni miliampia 7.2, asilimia 40 ni 10.4, na asilimia 50 ni 12. Fundi azijue kwa kichwa, kwani ndizo atakazoziona kwenye multimita akiwa juani, mbali na paneli.

Piga hesabu ya upotevu wa volti kabla ya kuvuta kebo. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni 24. Sensa ya kichocheo iliyo mita 500 mbali, ikivuta ampia 0.2, itapoteza volti 2.4 njiani. Betri za akiba zinapokaribia kuisha umeme wa gridi ukiwa umekatika, upungufu huo ndio unaozima kigunduzi saa kinapohitajika.

Katika eneo la hatari, kisanduku kisichopitisha mlipuko kina kazi moja: moto ukitokea ndani ubaki ndani. Glandi isiyo ya aina hiyo, tundu la akiba lililozibwa kwa tepu, au nyuzi za kifuniko zilizoharibika, vyote huondoa kinga hiyo. Usifungue kifuniko umeme ukiwepo. Wavu wa kinga wa kebo uungwe ardhini upande mmoja tu, kwa kawaida kwenye paneli, ili redio za mkononi na mota zisilete kengele za uongo.

6. Kuwasha na kuendesha

Baada ya kuwasha, ipe sensa muda wa kupata joto na kutulia, dakika kadhaa au saa nyingi kutegemea aina yake. Kisha hakikisha mambo matatu paneli ikiwa mbele yako: kata waya mmoja uone ishara ya hitilafu, tuma mkondo wa miliampia 7.2 uone kengele ya kwanza, kisha pitisha gesi halisi uone vali ya dharura na feni vikiitika. Wengi huishia kwenye kengele, kumbe vali iligandishwa na kutu ya hewa ya chumvi tangu mwaka jana.

Kengele ya kwanza mara nyingi huwekwa asilimia 20 ya LEL na ya pili asilimia 40. Ya kwanza ina maana ya kutafuta uvujaji. Ya pili ina maana ya kuzima na kuondoka. Andika hayo kwa Kiswahili, ubandike karibu na paneli, pamoja na nani anayepigiwa simu.

7. Kalibresheni

Hapa ndipo jiwe la mizani linapowekwa. Kwanza mjulishe msimamizi wa zamu na upate kibali cha kazi. Zuia mitambo isizimwe na jaribio, na andika saa uliyozuia. Kagua sensa kwa macho: nyigu, rangi, maji.

Anza na sifuri. Usiamini hewa iliyopo, maana huenda tayari ina gesi kidogo. Ukiipangia sifuri hapo, umeifundisha sensa kudanganya. Tumia hewa safi ya mtungi. Kwa sensa ya kichocheo usitumie naitrojeni tupu. Hata gesi ya kipimo yenyewe iwe imechanganywa na hewa, kwani bila oksijeni hakuna kuungua.

Kisha pitisha gesi ya kipimo kwa mtiririko uliotajwa na mtengenezaji, kupitia mpira mfupi, na usubiri usomaji utulie. Kabla ya kugusa kitufe chochote, andika usomaji ulioukuta. Hii ndiyo namba yenye thamani kubwa kuliko zote katika kazi nzima. Ukikuta 48 kwa gesi ya 50, sensa ni nzima. Ukikuta 20, maana yake kiwanda hakikuwa na ulinzi kamili kwa muda usiojulikana, na ripoti lazima iseme hivyo. Fundi anayerekebisha kwanza na kuandika baadaye huacha daftari safi na ukweli uliopotea.

Mtego mmoja uko kwenye lebo ya mtungi. LEL ya methani ni asilimia 5 ya hewa katika baadhi ya viwango, na asilimia 4.4 katika vingine. Mtungi wenye methani asilimia 2.5 ni asilimia 50 ya LEL kwa kipimo cha kwanza, lakini ni 57 kwa cha pili. Ukilazimisha transmita ya 4.4 isome 50, kengele yake ya 20 italia gesi halisi ikiwa karibu 23. Soma asilimia ya ujazo, halafu piga hesabu mwenyewe.

Nizungumzie kiberiti cha gesi. Fundi anakipeleka kwenye sensa, anabonyeza bila kuwasha, skrini inaruka, kengele inalia, wote wanaridhika. Kwanza, butani iliyomiminwa hivyo huzidi kipimo na huweza kuichosha sensa. Pili, jaribio hilo halikuambii kipimo ni sahihi kiasi gani. Tatu, na hili halijulikani sana, sensa iliyodhurika hupoteza kwanza uwezo wa kuona methani, huku ikiendelea kuitikia butani. Kiberiti kinaweza kuisifu sensa isiyoiona tena gesi iliyowekwa kuilinda. Kwa kituo cha gesi asilia, pima kwa methani.

Ukimaliza, subiri usomaji urudi chini, ndipo uondoe kizuizi mbele ya msimamizi wa zamu, naye atie sahihi. Kizuizi kilichosahaulika ni sawa na kigunduzi kilichong'olewa.

8. Mapendekezo

(a) Kituo kipya kianze kupima kwa gesi kila mwezi. Rekodi zikionyesha usomaji hauyumbi, muda uongezwe hatua kwa hatua hadi miezi mitatu au sita, bila kuvuka ukomo wa mtengenezaji.

(b) Jaribio fupi la gesi lifanyike kila baada ya kupaka rangi, usafi mkubwa au uvujaji wa kweli.

(c) Bidhaa zenye silikoni zipigwe marufuku karibu na sensa, na agizo hilo liwafikie wasafishaji na wapaka rangi.

(d) Mkataba wa ununuzi ujumuishe mitungi ya gesi ya kipimo, regyuleta na sensa za kubadilishia. Wanaonunua vigunduzi bila mitungi wananunua skrini.

(e) Daftari la kalibresheni liwe na safu mbili, usomaji uliokutwa na usomaji ulioachwa, na meneja azisome zote mbili.

9. Hitimisho

Nawaomba mkirudi vituoni mfungue daftari, mtafute tarehe ya mwisho ambayo kila kigunduzi kilipitishiwa gesi halisi na usomaji uliokutwa siku hiyo. Pasipo na tarehe, kihesabuni kigunduzi hicho kuwa hakifanyi kazi mpaka kipimwe, na eneo lake lilindwe kwa kigunduzi cha mkononi kwa muda wote huo.