Asa, Hezekia na Maumivu ya Viungo

Neno la leo tunalipata katika 2 Nyakati 16 na Isaya 38.

Katika makanisa yetu kuna wamama na wababa ambao siku hizi hawapigi magoti wakati wa maombi. Wengine wanadhani ni kiburi. Hapana, magoti yenyewe yamekataa. Asubuhi wanaamka vidole vimekakamaa, jembe halishikiki, kutwanga sombe ni shida, na njia ya kuteka maji imekuwa ndefu. Na sisi watu wa kanisa tumewaongezea mzigo: tumewaambia imani yao ni ndogo, waache dawa, wafunge zaidi. Tena tunawatajia mfalme Asa.

Kweli, Asa aliugua miguu katika mwaka wa 39 wa ufalme wake, na Biblia inamlaumu kwa kutafuta waganga bila kumtafuta Bwana. Lakini tusome tangu mwanzo wa sura ile. Asa alikuwa ameshaacha kumtegemea Mungu, akapeleka fedha na dhahabu kwa mfalme wa Shamu. Mwonaji alipomkemea, akamtia gerezani. Ugonjwa ulimkuta moyo wake umeshageuka. Kosa lake halikuwa dawa. Kosa lake lilikuwa kumwacha Bwana.

Sasa tumtazame Hezekia. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Uponyaji ulikuwa umeshaahidiwa. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na tini, vyote viwili, na utukufu ukawa wa Bwana.

Basi, tuseme juu ya tini zetu za hapa. Kwanza ukweli: hakuna chakula kinachomaliza ugonjwa wa viungo. Anayekuuzia unga wa kuponya kabisa anakudanganya. Lakini chakula kizuri kinaweza kupunguza maumivu na kuupa mwili nguvu.

Goti lililochakaa linabeba mwili mzima. Watafiti waliwapima wazee wenye ugonjwa wa magoti, wakaona kila kilo moja inayopungua mwilini inaondoa mzigo wa karibu kilo nne juu ya goti kwa kila hatua. Mwenye mwili mzito apunguze mawese katika sufuria, sukari katika chai, soda na mandazi. Lakini aliye mwembamba asijinyime. Huyo anahitaji kula ashibe.

Kwa wale wanaovimba viungo vya mikono miwili kwa muda mrefu, mafuta ya samaki yanasaidia kidogo kupunguza uvimbe na maumivu. Ndagala wa ziwa letu wana mafuta hayo. Bugali uwe na ndagala, lengalenga au matembele, na maharagi. Papai au embe likipatikana, mzee naye apewe, si watoto tu.

Lakini tuwe waangalifu, maana maumivu yote si ya namna moja. Kuna ugonjwa unaoshika ghafla, mara nyingi usiku, katika kidole gumba cha mguu. Kinavimba, kinawaka moto, hata shuka likigusa ni kilio. Ni jongo, ambao waganga wa hospitali wanauita gute. Kwa mgonjwa huyu ndagala wengi, nyama, maini, pombe na soda vinaongeza shida. Maharagi na mboga havimdhuru, na maji anywe ya kutosha. Mnaona? Chakula kinachomsaidia jirani yako kinaweza kukuumiza wewe. Ndiyo sababu tunasema: nenda kituo cha afya ujue ugonjwa wako kwanza. Na kiungo kikivimba kwa moto pamoja na homa, usingoje Jumapili, nenda siku hiyo hiyo.

Neno moja juu ya kufunga. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki vinaweza kuchubua tumbo hadi likatoka damu, hasa kwa wazee. Usivimeze tumbo likiwa tupu, wala usivinunue sokoni na kuvimeza kila siku bila kuuliza muganga. Danieli aliomboleza majuma matatu akiacha chakula kitamu, nyama na divai tu (Danieli 10:3). Mgonjwa anaweza kufunga hivyo, na Mungu anampokea.

Wapendwa, Jumapili ijayo tufanye jambo moja. Mama asiyeweza kupiga magoti, tumletee kiti, na asiwepo wa kumnong'ona. Mfalme Daudi aliketi mbele za Bwana akaomba, naye akasikiwa (2 Samweli 7:18). Baada ya ibada twende kwake na maombi, na mkononi tuwe na fungu la lengalenga na ndoo ya maji.

Ee Bwana, utusamehe tuliowahukumu wagonjwa wako. Gusa magoti na mikono yao, bariki sahani zao, na utufundishe kukutafuta wewe kwanza. Katika jina la Yesu, amina.