Mpatanishi Hana Bunduki, Tumsaidie

 

Juzi katika kambi moja mama mzee aliniuliza: "Mwanangu, huyu mpatanishi wanayemtaja, ni wa kabila gani?" Sikuwa na jibu la haraka. Akaongeza: "Tumekimbia mara tatu. Namna gani tusiulize?" Mama ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo leo tuongee juu ya kazi ya mpatanishi, na kazi yetu kwake.

Mimi nilisomea sheria. Hakimu husikiliza, hukata kesi, na askari hutekeleza hukumu. Mpatanishi hakati kesi. Hana askari, hana gereza. Ana neno lake tu, na imani ya pande zote. Imani hiyo ikiondoka, hana kitu tena.

Tukumbuke yaliyotupata. Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999 ulisema Wakongomani wakae pamoja: serikali, waasi, upinzani usio na silaha, na mashirika ya raia. Ketumile Masire, aliyekuwa rais wa Botswana, aliwekwa kuyasimamia mazungumzo hayo. Serikali ilimshitaki kwamba ana upendeleo, na Juni 2000 ofisi yake ya Kinshasa ikafungwa. Oktoba 2001 wajumbe wakakutana Addis Ababa. Pesa zilikosekana, wengi hawakufika, mkutano ukavunjika. Ni mwaka 2002 ndipo walipozungumza kweli huko Sun City, na mkataba ukatiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba. Hesabu wewe mwenyewe: zaidi ya miaka mitatu tangu Lusaka. Deni la kila mwezi uliopotea lililipwa na raia, porini na kambini.

Tena Goma, tarehe 23 Januari 2008: vikundi vya silaha vya Kivu, vingi vikisema vinalinda kabila lao, vilitia sahihi katika mkutano ulioongozwa na padri Apollinaire Malumalu. Agosti mwaka uleule vita vikarudi. Karatasi peke yake haikutosha.

Basi tufanye nini?

Kwanza, usimpime mpatanishi kwa kabila. Mpime kwa matendo: je, anasikiliza pande zote? Maneno anayotuambia sisi ndiyo anayowaambia wao?

Pili, enyi viongozi, mpeni habari za kweli. Jambo likitokea, andikeni siku, mahali na walioliona. Msiongeze hesabu ya wafu, wala msiipunguze. Uvumi mmoja unaweza kuvunja kazi ya miezi.

Tatu, enyi wazee, kikundi kinachopigana kwa jina la kabila lenu kinawategemea ninyi kwa chakula, vijana na baraka. Kiambieni waziwazi: nendeni mezani.

Nne, ninyi mlioacha makwenu, chagueni wa kuwasemea, akina mama wakiwemo. Mambo ya kurudi na ya mashamba yaandikwe, pamoja na nani atakayeyaangalia baada ya sahihi.

Mama yangu wa kambini, siku mpatanishi akija, usimwulize kabila lake. Mwulize: "Shamba langu liko katika ukurasa gani?"