Michi Miwili, Kinu Kimoja

Leo nataka tuangalie jambo mlionalo kila siku hata mmeacha kuliona.

Nendeni katika kijiji chochote cha Ufipa, karibu na Sumbawanga, mkawatazame wanawake wawili wakitwanga mahindi katika kinu kimoja. Mchi mmoja ukishuka, wa pili uko juu. Hapana ahesabuye, wala hapana atoaye amri. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi itagongana na mkono wa mtu utaumia. Walakini hukosea kwa nadra, hata wakiwa katika mazungumzo ya arusi ya jirani. Tena angalieni vema: yule wa pili hangoji kusikia kishindo ndipo ashushe mchi wake. Angengoja, angechelewa daima. Mwili wake umekwisha kukisia saa ya kishindo kijacho.

Mtu atasema, hiyo ni kazi, nao wameizoea tangu utoto. Je, maamkio? Mfipa amwamkiapo mkubwa wake kwa desturi ya zamani, huinama akapiga makofi taratibu, naye mwenziwe huitikia. Hapana awaambiaye waache lini, na bado huacha.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani, William Condon, alitazama sinema za watu wakizungumza, picha moja baada ya moja. Akasema kwamba kichwa au mkono wa msikilizaji hubadili mwendo pale pale msemaji abadilipo sauti. Wengine walitia shaka, na kwa maoni yangu walikuwa na haki, maana jicho huona upesi lile litakalo. Lakini mwaka 2007 wataalamu wengine wa Marekani waliwaketisha watu wawili wawili katika viti vya kuyumba, wakavitia uzito mbalimbali ili kila kiti kiwe na mwendo wake. Watu wale walipotazamana, viti vilielekea kuyumba pamoja.

Basi mjane akikusimulia msiba wake, nawe umekaa kama gogo, hutikisi kichwa wala huguni, atakatiza maneno yake aende zake, ingawa masikio yako yalisikia yote. Mimi mwenyewe nasema nanyi mbele ya chombo kisichotikisa kichwa, na kila nimalizapo neno hujikuta nikingoja.