Kikohozi cha Mtu, Maziwa ya Ng'ombe
Maneno ya muuguzi wa shirika kwenye mkutano wa wanachama, Kolwezi

 

Leo tuko na shauri la kununua ng'ombe wa maziwa. Mimi sikatai. Lakini kabla makuta hayajatoka, mnisikilize kidogo.

Sisi tuliokaa Zambia tulizoea mabisi, maziwa ya kuchacha. Hata mimi nilikunywa. Lakini kule bonde la Kafue, wataalamu wamekuta kifua kikuu kwa ng'ombe na kwa lechwe, wale swala wanaokula nao majani. Kijidudu chake ni ndugu ya kile cha watu. Kinamwingia mtu kwa maziwa mabichi, ao kwa pumzi ya mnyama mgonjwa. Kuchacha peke yake hakukimalizi. Moto ndio unakiua.

Kikipitia maziwa, mara nyingi kinashika tezi za shingo ao tumbo, si mapafu. Mtoto wangu alivimba shingo, miezi mingi tukapewa dawa za koo. Walipopima tezi yenyewe ndipo tukaambiwa: kifua kikuu. Alipona. Ilitoka kwa maziwa ao kwa mtu? Hatukujua, maana darubini haitenganishi hivi vijidudu viwili. Na kile cha ng'ombe hakisikii pirazinamidi, moja ya dawa nne za kuanzia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa wapya 140,000 wa namna hii mwaka 2019.

Tena, mtu naye anaambukiza ng'ombe. Wengi wetu tunachimba, na vumbi la mawe linafungulia kifua kikuu mlango. Mchungaji akikohoa zizini, hasara ni yetu wote.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Daktari wa mifugo achome kila ng'ombe sindano ya ngozi, arudi siku ya tatu kuangalia uvimbe, ndipo tulipe. Maziwa yachemke kwanza, hata ya mabisi. Na anayekohoa wiki mbili aende kupimwa. Dawa ni za bure, miezi sita, asikatishe.

Najua makala ni bei. Basi tupunguze ng'ombe mmoja, pesa yake iwe ya kupima na ya makala. Afazali ng'ombe wachache wazima kuliko zizi la kutuzika.