Mila na Mabadiliko: Tunachoweza Kujifunza kutoka Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten

(Hotuba iliyotolewa kwa wanakwaya na waumini katika Jubilei ya Dhahabu ya kwaya yetu, Eldoret, 2026)

 

Kamati ya jubilei iliniomba niseme maneno machache juu ya jambo ambalo limekuwa likizungumzwa kwenye mazoezi, kwenye jumuiya na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Kwaya yetu imetimiza miaka 50. Je, tuimbe kama tulivyoimba, au tubadilike? Wazee wana hofu kwamba kinanda na spika vimemeza sauti za watu. Vijana wanalalamika kwamba kila Krismasi ni nyimbo zilezile. Wote wanaipenda kwaya, ndiyo maana wanabishana. Asiyependa hukaa kimya, halafu siku moja haonekani tena.

Badala ya kuwahubiria, maana wa kuhubiri wapo, nimeona nichukue mfano wa hapa kwetu. Ukitoka mjini Eldoret, ukasafiri kama kilomita 35 kuelekea ukingo wa Bonde la Kerio, unafika Iten. Hapo ipo Shule ya Upili ya St. Patrick's. Ilianzishwa mwaka 1961 na Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, shirika lililoundwa na Askofu Daniel Delany mjini Tullow, Ayalandi, mwaka 1808. Wengi mnaijua kwa sababu ya riadha. Leo nataka tuitazame kama nyumba ya Kikatoliki ambayo imebadilishwa mara nyingi bila kupoteza jina lake.

Mwaka 1976, ule ule ilipoanza kwaya hii, alifika pale bruda kijana kutoka Ayalandi, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa na mafunzo yoyote ya ukocha wa riadha. Wala si yeye aliyeleta mbio Iten. Mike Boit, aliyesoma pale, alikuwa ameshatwaa medali ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Bruda alikuta kitu tayari kipo. Alichofanya ni kukitazama kwa makini, kuwasikiliza vijana wenyewe, na kujifunza kutoka kwao huku akiwafundisha.

Matunda mnayajua. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka uliofuata akashinda ya Boston. Mwaka 1988 Peter Rono, akiwa na umri wa miaka 21, alitwaa dhahabu ya mita 1500 mjini Seoul. Mwaka 1992 Matthew Birir alitwaa dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona. Wilson Kipketer aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997, nayo ikadumu hadi 2010 ilipovunjwa na David Rudisha, ambaye kocha wake alikuwa Bruda huyohuyo. Rudisha hakusoma St. Patrick's, lakini mwalimu alikuwa yule yule. Tarehe 9 Agosti 2012, London, alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

Ukiingia katika uwanja wa shule ile utaona miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa, kila mmoja na kibao chenye jina. Wageni hupenda kupiga picha hapo. Hapo ndipo ninapopata somo la kwanza.

Miti ile ni kumbukumbu ya mila, lakini mila yenyewe iko kwingine. Iko katika mwalimu anayeamka alfajiri, mwanafunzi anayekimbia wakati hakuna anayempigia makofi, na subira ya kumlea kijana miaka mingi bila kumchosha kabla ya wakati wake. Shule ingeweza kuinywesha miti maji kila siku na bado ikakosa hata mkimbiaji mmoja. Ndugu wanakwaya, sare zetu, picha za ukutani na vikombe vya mashindano ni miti yetu. Tuvitunze. Lakini tusidhani tumetunza mila kwa sababu tumefuta vumbi kwenye vikombe. Mila ya kwaya ni kufika mazoezini kwa wakati, kujifunza sauti yako, na kumfundisha aliyeingia juzi.

Somo la pili ni la mwaka 1989. St. Patrick's ni shule ya wavulana. Lakini mwaka huo Bruda Colm alianzisha kambi ya mazoezi ya wasichana wakati wa likizo. Nyakati hizo wapo wazazi waliodhani mbio ni za wavulana, na msichana akifika umri fulani kazi yake ni nyumbani. Shule haikuacha kuwa ya wavulana. Ilifungua lango wakati mabweni yalikuwa matupu. Katika mikono ya Bruda yule alipita Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007. Leo hakuna anayeuliza kama binti wa Iten anaweza kukimbia. Tazameni hekima yake: hakubomoa nyumba ili kupata nafasi ya wageni. Alitafuta saa ambayo nyumba ilikuwa na nafasi.

Nasi je? Vijana wanaosoma mabwenini wapo nyumbani Aprili, Agosti, na tangu Novemba hadi Januari. Wakati huo kwaya nyingi hupunguza mazoezi kwa sababu watu wako shambani. Mlango wetu unafungwa wakati hasa wanapokuwa nje wakitaka kuingia.

Somo la tatu linahusu uchungu. Shule za kimisheni zilijengwa kwa jasho la mabruda, masista na Wakristu wa kawaida waliobeba mawe na mchanga. Halafu Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaweka shule hizo chini ya usimamizi wa serikali. Kanisa likabaki mfadhili. Walimu wanaajiriwa na tume ya serikali. Wapo walioona kwamba yote yamekwisha. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili kazi ambazo bado ni nzito: kuwa na wawakilishi katika bodi, kutoa maoni kuhusu mtaala, kulea maisha ya kiroho huku akiheshimu imani za wanafunzi wengine, na kuteua chaplensia kwa gharama yake mwenyewe.

Sikieni maneno hayo: kwa gharama yake mwenyewe. Serikali haitamlipa padre anayewaadhimishia wanafunzi Misa. Haitanunua divai, hostia wala vitabu vya nyimbo. Kama sisi Wakristu hatutoi, jina la mtakatifu litabaki langoni na ndani pakose sala. Kupoteza umiliki hakukutuondolea wajibu.

Sasa tufike kwenye mabadiliko ya mwaka huu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10. Mwaka jana shule za upili hazikupokea kidato cha kwanza. Kwa hiyo sasa katika uwanja mmoja wapo kidato cha nne, kidato cha tatu na Gredi ya 10. Mitaala miwili, kengele moja. Mtihani wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, utafanywa mwaka 2027. Baada ya hapo mfumo uliotulea wengi wetu utakuwa historia.

Katika mtaala mpya mwanafunzi anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mkondo huo wa tatu unatuhusu moja kwa moja. Mbio, ambazo Iten ilizifundisha alfajiri na jioni nje ya ratiba ya darasa, sasa zina nafasi ndani ya ratiba. Na muziki, ambao wazazi wengi tuliwaambia watoto wetu ni wa Jumapili tu, sasa ni njia halali ya masomo.

Wazazi, tafadhali msikie jambo hili. Mtoto akirudi nyumbani aseme anataka mkondo wa sanaa, tusimwambie amefeli. Muulizeni kwanza anataka kufanya nini nao, na shule yake ina walimu na vyombo vya kumfikisha huko. Hilo la pili ndilo gumu. Kuandika somo kwenye karatasi ni rahisi. Kumpata mtu wa kumfundisha mtoto kusoma solfa, kupiga kinanda, kuongoza sauti nne, si rahisi.

Na watu hao, ndugu zangu, wengi wamekaa humu ndani. Wapo mama wa alto na wazee wa besi waliojifunza solfa bila kupewa cheti. Wapo waliotunga nyimbo ambazo bado tunaziimba, na karatasi zake ziko kwenye kabati, zimeliwa pembeni na panya. Kila tunapomzika mzee wa kwaya tunamwimbia vizuri sana. Kisha tunagundua kwamba wimbo fulani alikuwa anaujua yeye peke yake. Hiyo ndiyo hasara iliyo mbele yetu. Ugomvi wa kinanda ni mdogo ukilinganishwa nayo.

Tusisahau pia kwamba kwaya hii yenyewe ni mtoto wa mabadiliko. Wazee wetu walioanza kuimba kanisani kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano waliimba Misa kwa Kilatini. Tarehe 4 Desemba 1963 Kanisa lilitoa Hati juu ya Liturujia Takatifu. Hati hiyo iliuheshimu wimbo wa Kigregoriani kama hazina, na papo hapo ikataka muziki wa mataifa ya misioni upewe nafasi yake katika ibada. Hazina ya zamani na sauti ya wenyeji, katika hati moja. Kayamba na ngoma tunazoziita leo za asili ya kwaya zilikuwa mambo mapya, na walikuwapo waliokunja uso.

Sisi watu wa huku tunajua mursik. Kibuyu, yaani sotet, kinaweza kuwa cha nyanya. Kabla ya kutiwa maziwa kinasafishwa na kusuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wake, na kazi hiyo hurudiwa kila mara. Maziwa ni ya wiki hii. Mwenye kutia maziwa mapya kwenye kibuyu kisichosafishwa atayaharibu. Na mwenye kutundika kibuyu ukutani kwa sababu ni cha nyanya, bila kutia kitu, atalala njaa. Wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege wa Eldoret hupokewa kwa mursik. Hakuna anayepokewa kwa kibuyu kitupu.

Kwa hiyo naomba jubilei hii isiishie kwenye keki na picha. Natoa mapendekezo matatu, kamati iyapime.

Kwanza, kabla ya mwaka huu kwisha, tukusanye nyimbo zote zilizotungwa na wanakwaya wetu. Wazee waimbe, vijana warekodi kwa simu na kuandika solfa. Wimbo mmoja kila Jumamosi unatosha. Hapo simu ambayo wazee wanailalamikia itakuwa imefanya kazi ya Mungu.

Pili, likizo ziwe msimu wetu mkuu wa mazoezi. Wanafunzi wakaribishwe kama wanakwaya kamili, na kila likizo kijana mmoja apewe wimbo mmoja auongoze mbele ya waumini. Akikosea, mwalimu amsahihishe mazoezini, si altareni.

Tatu, tuchukue sehemu yetu ya ufadhili. Kwaya ijitolee kwenda mara moja kila muhula katika shule moja ya Kikatoliki iliyo karibu, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na chaplensia, kuimba Misa na kukaa na wanafunzi saa moja kuwafundisha sauti. Tusiende kama wageni wa heshima wanaongoja chai. Twende kama walimu.

Wazee, msiwaachie vijana kwaya kwa kususa. Wakabidhini mkono kwa mkono. Vijana, msiombe funguo za kabati kabla ya kujua kilichomo. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Lakini hata mbacha hukunjuliwa, ukakung'utwa, ukaanikwa juani.

Nawapongeza kwa miaka 50 ya kumwimbia Mungu. Mazoezi yanaendelea Jumamosi saa nane. Nimeambiwa besi wanahitajika.

Tumsifu Yesu Kristu!